Skafu ya Chuma

Kinyozi huyu alikuwa na kazi mbili. Moja ilimlisha, nyingine ilimtuliza. Asubuhi, akishafagia kibanda na kupanga mashine, vitana na brashi mbele ya kioo, alikuwa akijikalisha kwenye kiti cha wateja, anatoa mfuko wa kitambaa chini ya meza na kuanza kufuma. Mteja akiingia, sindano zinarudi mfukoni. Mteja akitoka, zinatoka tena. Wapo waliodhani ana kichaa kidogo, wapo waliocheka, na wapo waliozoea. Hao waliozoea ndio waliompa jina la Sindano, likamganda kama kupe.

Alifuma vitu vya kila namna. Alifuma soksi za mjukuu wa muuza mboga, ambazo mtoto alizivua na kuzitafuna. Alifuma kofia ya fundi viatu, ikatoka kubwa mno hata fundi akasema ataivaa kwa zamu na mkewe, au wote wawili kwa pamoja. Alijifumia sweta, mkono mmoja ukawa mrefu kuliko mwenzake, naye akalivaa hivyo hivyo miaka nenda miaka rudi, mkono ule ameukunja. Hakuuza hata kimoja. "Nikiuza itakuwa kazi," alisema, "na kazi ninayo."

Ujuzi ule aliupata kwa mama yake. Utotoni aliugua mguu, akakaa ndani muda mrefu huku wenzake wakicheza nje, na mama, ambaye alikuwa akifuma masweta ya shule, akamshikisha sindano ili aache kulia. Kaka yake alikuwa huko nje akipanda kuta na kupigana. Walizaliwa wawili tu, na kila mmoja akakua na kile alichokishika. Kaka mtu akawa dereva wa lori la masafa marefu, mtu wa kifua na sauti, asiyekubali kusaidiwa mzigo wala kuambiwa pole. Watu walimwita Chuma, naye alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na baba yake.

Baina ya ndugu hawa palikuwa na jambo. Huwezi kuliita ugomvi, maana walisalimiana, walikutana harusini na misibani, na kila mmoja alijua mwenzake anaishi wapi. Ila zamani, Chuma alipoanza kupeleka mizigo nyanda za juu kwenye baridi kali, mdogo wake alimfumia sweta. Lilikuwa la kijani kilichokolea, shingo ndefu, uzi umekunjwa mara mbili ili upepo usipenye. Alilihangaikia msimu mzima. Chuma alilipokea, akasema, "Haya, asante," akalitupa juu ya kiti cha lori. Baadaye kinyozi akapita gereji, akamkuta kaka yake ameinamia injini, anapangusa oili kwa kitambaa cheusi. Alipotazama vizuri aliona kitambaa kile kina shingo. Na mikono miwili.

Alirudi kibandani na neno lake moyoni. Hakulisema siku ile, wala mwaka ule, na kadiri alivyolinyamazia ndivyo lilivyozidi kuota mizizi. Tangu hapo hakumfumia kaka yake hata uzi mmoja.

Basi mchana mmoja, kibanda kikiwa kitupu, pazia la mlangoni likasogezwa, akaingia Chuma. Hakuwa amewahi kunyolewa pale. Shati lilimning'inia mabegani kama limetundikwa kwenye msumari.

"Ninyoe," alisema, akakaa.

"Mtindo gani?"

"Ondoa zote. Kabla hazijaondoka zenyewe."

Kinyozi alisimama na shuka la kunyolea mkononi. Alimtazama kaka yake kupitia kioo, kwa sababu kumtazama usoni kulimshinda.

"Wamesemaje?"

"Saratani. Iko tumboni. Nimeanza dawa za dripu." Chuma alijikung'uta goti ambalo halikuwa na vumbi. "Washa mashine yako, usinikodolee macho."

Kinyozi akawasha mashine. Nywele zilianguka laini, nyingine zikimfuata mkononi kabla ya kuguswa na mashine. Nyuma ya sikio la kushoto alikuta kovu refu, la siku Chuma alipoanguka kutoka ukutani na mama akakimbia naye mgongoni hadi zahanati. Alikuwa amelisahau kovu hilo. Alipitisha mashine pembeni yake polepole.

"Angalia mashine yako," alisema Chuma. "Utanitoa sikio."

"Tulia basi."

"Tulia wewe. Mimi nimetulia tangu nilipoambiwa."

Mke wa Chuma alikuwa mpishi wa shule, na asubuhi hakuweza kuacha masufuria yake. Kwa hiyo siku za dripu kinyozi ndiye aliyefunga kibanda na kwenda kukaa na mgonjwa hospitalini. Kilikuwa chumba kirefu chenye viti vya kuegemea pande zote mbili, kila kiti na chuma chake cha kutundikia dawa, na muuguzi mnene mwenye utani aliyepita na kitoroli akiwauliza wagonjwa nani leo amemkasirikia. Kinyozi alileta mfuko wake. Hakufikiri, mikono ilijizoelea tu. Kaka yake alitazama tone likidondoka, halafu jingine, na mdogo mtu naye akafuma. Zilipita siku kadhaa za dripu wakiwa hivyo, ndugu wawili kama abiria wasiojuana.

Dawa zilimtia Chuma ganzi vidoleni. Akishika kikombe, kilimponyoka. Muuguzi akamwambia avichezeshe vidole, asiviache vilale. Chuma akajaribu kufumba na kufumbua ngumi, akachoka, akachoshwa. Mwishowe akageuza shingo.

"Hebu nipe na mimi hizo sindano."

Kinyozi aliinua uso. Lile neno la miaka mingi likamtoka lenyewe, kali kuliko alivyotaka.

"Za nini? Ukapangusie oili?"

"Oili gani?"

"Unajua oili gani. Sweta la kijani. Nililokufumia ulipoanza safari za baridi. Nilikukuta nalo gereji, umeligeuza dekio."

Mama mmoja kwenye kiti cha pili aliinamisha macho, akajifanya anapanga khanga yake. Chuma alikunja uso. Alifikiri, na mtu aliona kabisa kwamba anatafuta, anafungua huku na kufungua kule.

"Sweta lipi?" aliuliza.

Hakuwa anajitetea. Hakukumbuka. Wala sweta, wala gereji, wala siku yenyewe. Kinyozi alihisi kama mtu aliyebeba gunia kichwani mwendo wa umri mzima ili amrudishie mwenyewe, akafika, akaambiwa, gunia si langu. Hasira ilitaka kupanda, ikakosa pa kushika.

"Kama nilifanya, basi nilifanya," alisema Chuma. "Lakini wewe kwa nini hukunipiga?"

"Nikupige wewe? Ungenivunja."

"Ningekuvunja, ndiyo. Ila ningekumbuka."

Mama wa kiti cha pili aliguna. Kinyozi akabaki na sindano mapajani. Radhi hakuombwa, na alijua hataombwa, kwa sababu mtu hawezi kujutia kitu ambacho hana. Kilichokuwa mbele yake ni vidole vilivyokufa ganzi, vimenyooshwa kwake, vinangoja. Akachukua sindano nyingine mbili, nene za mti, akafungua bonge la uzi wa kahawia, akamwanzishia kaka yake vitanzi vya mstari wa kwanza.

"Ingiza hapa. Zungusha uzi. Vuta. Achia."

"Rudia."

"Ingiza. Zungusha. Vuta. Achia."

Chuma hakuwa na kipaji, tusidanganyane. Alikaba uzi kana kwamba anafunga turubai juu ya mzigo wa mbao. Vitanzi vilimponyoka, vingine vilizaliwa bila baba. Alitukana kwa sauti ya chini, akaomba radhi kwa mama wa kiti cha pili, akatukana tena. Lakini hakuacha. Mistari ilipozidi ikaonekana ni skafu, imebana huku, imelegea kule, na matundu mahali pengi.

"Mashimo hayo," kinyozi alisema. "Nikusaidie kuyaziba?"

"Acha. Umeona wapi barabara isiyo na mashimo?"

Muuguzi naye akaipata ladha. "Dereva, leo umefika wapi?" aliuliza kila akipita na kitoroli.

"Nimekwama, sista. Tope hadi kwenye ekseli."

Siku ambazo Chuma hakuwa na nguvu ya kujibu, muuguzi aliuliza vilevile, akajijibu mwenyewe, akaendelea na viti vingine. Uzi wa kahawia ulipokwisha kinyozi akamuungia wa bluu, bluu ukaisha akamuungia mwekundu uliobaki kwenye kofia ya fundi viatu. Siku mke wa Chuma alipotoka shule mapema na kuja kumtazama, alikuta lijanaume lile limekodoa macho kwenye ncha ya sindano, ulimi nje. Akasimama mlangoni, mkono mdomoni, akarudi nje. Kinyozi alimfuata, akamkuta ameegemea ukuta, machozi na kicheko vimechanganyika.

"Shemeji," alisema, "mimi huyu mtu nimemwomba miaka yote ashike japo ufagio."

Zile dawa, hata hivyo, hazikufanya kazi iliyotarajiwa. Daktari aliwaita wote watatu, akazungumza kwa upole, na wakatoka wakijua kwamba hawatarudi tena kwenye kile chumba. Chuma akalala nyumbani, kwenye chumba cha mbele chenye dirisha linalotazama barabara, maana alitaka kusikia magari. Aliyatambua kwa mlio. "Hilo linahitaji kubadilishwa klachi," alikuwa akisema, macho amefumba. Skafu ilikuwa juu ya tumbo lake. Kwa siku nzima labda aliongeza mstari mmoja, labda nusu.

Asubuhi moja kinyozi alikuwa akimpaka mafuta miguuni.

"Mdogo wangu, ukitaka kumaliza unamalizaje? Hizi sindano zinatokaje?"

"Bado mapema. Hujafika huko."

"Nionyeshe tu nijue."

"Ukifika nitakuonyesha."

Chuma alimtazama, akatikisa kichwa kukubali, kama mtu mzima anavyomkubalia mtoto. Kinyozi aliendelea kupaka mafuta. Alijua vizuri sana kwamba lilikuwa jambo la kumwonyesha mtu kwa muda mfupi. Lakini mikono yake ilikataa, na mdomo ukaitafutia sababu.

Chuma alifariki mchana, mkewe akiwa amemshika, kinyozi akiwa jikoni anachemsha maji. Alisikia shemeji yake akimwita kwa sauti ambayo haikuwa ya kawaida, akajua kabla ya kufika. Alizima jiko kwanza. Hadi leo hajui kwa nini alilizima kwanza.

Walimzika. Malori yaliegeshwa mstari mzima hadi nje ya mtaa, na madereva, watu wakubwa wenye mikono mizito, walisimama bila kujua waiweke wapi. Kinyozi aliitikia pole za watu na kushika mikono ya watu. Hakulia, na hilo lilimtia aibu.

Msiba ulipoanza kupungua, na ndugu wa mbali wameshaondoka, alikwenda kwa shemeji yake asubuhi. Alimkuta amekaa kwenye kitanda cha chumba cha mbele, skafu mapajani, sindano bado zimo.

"Imalizie," alisema. "Mimi naogopa kuishika. Nikiishika inafumuka."

Kinyozi akaitandika kitandani waione yote. Kweli, kitanzi kimoja karibu na mwisho kilikuwa kimeponyoka, pengine siku zile za mwisho, na tundu lake likashuka mstari baada ya mstari kama ngazi, na lingeendelea kushuka.

"Hapa naweza kurudisha vitanzi vyote hadi juu," alisema. "Hata hutajua palikuwa na kitu."

"Usifiche hata kimoja, shemeji. Ni chake."

"Nikiacha hivi hivi itafumuka yote."

Shemeji yake alifikiri. "Sasa tufanye nini?"

Kinyozi alitafuta ndani ya mfuko wake sindano ndogo ya kushonea. Alikishika kile kitanzi pale pale kilipokuwa kimefikia, akakipitishia uzi, akakifunga kwa fundo dogo upande wa nyuma. Shimo lilibaki wazi, ila halikuweza tena kwenda popote. Kisha akashika sindano za kaka yake na kuanza kufunga mstari wa mwisho. Kitanzi juu ya kitanzi, vuta, achia. Alikuwa akisema kwa sauti kila anachofanya, taratibu, na hakutambua anasema hadi alipoona shemeji yake anamtazama. Hapo ndipo machozi yalipomjia. Hakuyapangusa, kwa sababu mikono ilikuwa na kazi. Mjane hakusema nyamaza. Aliinuka akafungua dirisha, akarudi, akakaa.

Alipokata uzi alimpa skafu. Jua lilikuwa limeshapanda na chumba kina joto, lakini mjane aliizungusha shingoni mara mbili, ncha moja ikamfika magotini.

Mlango ukabishwa. Walikuwa wanawake wawili wapishi wenzake wa shule, wamekuja kumpa pole tena kabla ya zamu. Alikwenda kuwafungulia vivyo hivyo alivyokuwa. Kinyozi alibaki chumbani akiviringisha kipande cha uzi mwekundu kilichosalia, akawasikia wakisalimiana, kisha mmoja akauliza kwa woga:

"Hii umefumiwa na nani?"

"Mume wangu," alijibu.

Hakuna aliyecheka. Mjane akawakaribisha ndani na kuwaambia wakae, chai ipo.

Kinyozi akatia uzi mfukoni, akaagana nao wote kwa mkono, akaenda kufungua kibanda.