Basi la Kigoma

Mwalimu Imakulata hakuwa mtu wa kuita wazazi ovyo. Kwa hiyo alipompigia simu Médiatrice siku ya Jumatano na kumwomba afike chekechea kabla ya saa nne na nusu, Médiatrice aliacha tumbaku aliyokuwa akiichambua, akanawa mikono haraka, akatoka na kanga ileile ya kazi.

"Amepigana na mwenzie?" aliuliza alipofika.

"Hapana, Mama Bukuru. Mtoto hana kosa. Ila kuna mchezo anacheza kila mapumziko. Nimeona bora ujionee mwenyewe."

Wakasimama dirishani, ndani ya darasa tupu, mahali ambapo watoto wasingewaona.

Médiatrice alikuwa amezaa mapacha, wasichana. Kwa desturi ya Warundi, hata hawa waliozaliwa hapa Katumba, majina ya mapacha huja nao: anayetangulia ni Bukuru, anayefuata ni Butoyi. Mwezi wa tatu, wakati tumbaku iko kwenye mabani ya kukaushia na hakuna wa kukaa nyumbani, Butoyi alishikwa na homa siku ya Alhamisi. Bukuru alipelekwa mjini, Ilembo, kwa mama yake mdogo Aurélie, ili mama apate nafasi ya kumuuguza mgonjwa. Malaria ilipanda kichwani. Jumamosi asubuhi Butoyi akafa, mama yake amemshika mguu.

Bukuru alirudishwa baada ya wiki mbili, turubai la msiba limeshaondolewa. Baba yao, Melkiadi, alikuwa ameamua. "Mtoto wa miaka mitano haambiwi kifo," alisema. "Ataambiwa akikua." Wakamwambia mwenzie ameenda Kigoma kwa bibi.

"Atarudi lini?" Bukuru aliuliza.

"Akishiba samaki wa bibi, wale migebuka," Melkiadi alimjibu, akajitahidi kucheka.

Baada ya hapo mtoto hakuuliza tena. Wazazi wakadhani amesahau.

Sasa, uwanjani, kulikuwa na matofali yaliyoletwa kwa ajili ya darasa jipya ambalo bado halijajengwa. Watoto walikuwa wameyapanga mistari miwili, wamekaa wawili wawili. Mbele alikaa Bukuru, ameshika kifuniko cha ndoo kama usukani. Mvulana mmoja, Erasmus, alikuwa konda, anakusanya majani ya mwembe kama nauli.

"Mishamo, Uvinza, Kigomaaa!" Erasmus aliita. "Mama wewe, mtoto mpakate, hiyo siti ya watu!"

Basi likanguruma. Likasimamishwa na trafiki, likaruhusiwa. Likapita daraja, abiria wote wakaruka juu kwa pamoja na kuanguka kwa vicheko. Médiatrice alijikuta naye anatabasamu. Tangu msiba alikuwa hajamwona mwanawe akiwa kiongozi wa jambo lolote.

"Kigoma, mwisho wa gari!"

Bukuru akashuka. Alijifuta vumbi, akavuta sketi yake ikae sawa kama mtu anayeingia ugenini, akaenda mpaka kwenye ukuta wa choo, ambako mtoto aitwaye Nyanzala alikuwa amekaa chini na kanga kichwani.

"Hodi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba."

"Nimekuja kumchukua Butoyi."

Médiatrice akashika nondo ya dirisha.

Nyanzala akavua ile kanga. "Haya, ameshashiba. Mchukue."

Bukuru hakusogea. Mikono yake ilibaki imening'inia.

"Siyo hivyo," alisema. "Sema bado anakula."

"Mimi nimechoka. Kila siku anakula tu."

"Sema bado anakula, nirudi kesho!"

"Si nimekwambia umchukue? Yuko wapi sasa?"

"Sema!" Bukuru alipiga kelele. Abiria waligeuka kumtazama. Konda akaangusha majani yake.

Mwalimu Imakulata alifungua mdomo aseme neno, lakini Médiatrice alikuwa ameshatoka. Alivuka uwanja, akamshika mtoto mkono, akaondoka naye. Hawakushika njia ya nyumbani. Walishika ile ya makaburini.

Walitembea mpaka walipovuka mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa.

"Mwanangu," Médiatrice alisema, "kwa nini hutaki bibi akupe Butoyi?"

"Kwa sababu hayuko kwa bibi."

"Nani kakwambia?"

"Nguo zake zipo. Mtu akisafiri anabeba nguo. Na ndala zake zipo." Alikuwa anatazama chini. "Amejificha. Siku naenda kwa mamdogo nilimnyang'anya kikombe. Amenikasirikia."

Miezi minne mtoto amebeba hilo peke yake, na wao wanakaa naye sahani moja. Médiatrice alipiga magoti palepale njiani.

"Sikiliza. Hakukukasirikia hata kidogo. Aliumwa, homa ikamzidi, akafa. Hayuko Kigoma. Mimi na baba yako tulikudanganya, kwa sababu tuliogopa."

"Akafa kama yule mbuzi wa babu Didace?"

"Akafa. Harudi."

Bukuru hakulia. Alitaka kuona. Walipofika, alilizunguka lile tuta fupi lenye msalaba wa mbao, akaugusa udongo wake kwa kidole.

"Mlimfunika shuka gani?"

"Lile la maua."

"Letu?"

"Lenu."

Akafikiri. "Sasa mdogo wangu nani? Mimi bado ni Bukuru?"

"Bado. Mpaka uzeeke na meno yang'oke, wewe ni Bukuru."

Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa mwili mzima, na mama yake akalia naye kwa sauti, kilio ambacho kwa miezi minne alikuwa akikilia jikoni kwa kisingizio cha moshi.

Melkiadi alipoelezwa jioni, alikasirika sana. Na siku zilizofuata zilikuwa kama za kumthibitishia kwamba hakukosea: Bukuru alianza kukojoa kitandani, akagoma chakula, akakaa uwanjani peke yake huku wenzie wanacheza.

"Unaona ulichokifanya?" Melkiadi alimwambia mkewe wakati wanafunga marobota ya tumbaku.

"Naona. Sasa anamlilia. Mwanzoni alikuwa anamsubiri."

Melkiadi aliendelea kukaza kamba kana kwamba hajasikia. Lakini Jumapili, baada ya ibada, alichukua jembe akamwita mtoto. Médiatrice aliwafuata kwa mbali. Aliwakuta makaburini, baba anapalilia, mtoto anachukua nyasi na kuzitupa pembeni. Mara jembe likasimama. Melkiadi alichuchumaa, akafunika uso kwa kofia yake, mabega yanatikisika, na Bukuru akasimama mbele yake ameshika nyasi mkononi, hajui aziweke wapi.