Kifuniko cha Ndoo ya Mawese

"Mzee Adolf, kifuniko changu umekikata kwa msumeno?"

"Nimekikata, mama Bariki. Ila kwa adabu."

"Adabu! Mawese yangu yanaingia nzi, wewe unaniletea adabu!"

Verediana alisimama katikati ya uwanja wa jirani yake pale Gungu, mkono kiunoni, ndoo wazi mkononi. Nusu ya mtaa ilishatoka kusikiliza, naye akapandisha sauti kidogo ili wa mbali wasikose. Kusema kweli hasira ilikuwa robo. Robo tatu ni kutaka kujua. Miezi minne sasa mzee huyu, aliyestaafu kutunza maabara ya shule, alikuwa akisugua kioo cha mashine ya fotokopi iliyokufa, shwa shwa shwa, mpaka watu wakasema upweke umempanda kichwani. Wa kwanza kusema alikuwa Verediana mwenyewe.

"Njoo ukione kilipo," Adolf akasema.

Lilikuwa boksi la mbao, wazi upande wa mbele. Juu taa ya kijani. Chini yake kile kifuniko cheupe, kitawanye mwanga. Sakafuni kioo kinene alichozawadiwa siku ya kustaafu.

"Hiki kimenyooka kabisa. Nikilaza kile ninachosugua juu yake, inatokea mistari. Ikinyooka, changu nacho kimenyooka. Ikipinda, narudi kusugua."

"Na hicho unachosugua ni cha nini?"

"Cha darubini ya wanafunzi wa mwalimu Yasmini, kule Rusimbi. Kimebaki hiki tu, na shule inafungwa kesho. Kikipinda, nyota hawazioni mwaka huu."

Yasmini mwenyewe akashuka kwenye bodaboda. "Shikamoo mzee! Ndicho hiki?"

Basi kioo kikawa kama mtoto mchanga: kila aliyekuwepo alitaka kukipakata. Kikatoka mkono huu kikaenda ule, na Verediana akakaa nacho kuliko wote, hata shavuni akakiweka. Adolf akakipokea, akakifuta, akakilaza, akawasha taa.

Mistari ikatokea. Imepinda kama ndoana.

Yasmini akatazama viatu vyake. Mzee alipoinama kukitoa, Verediana, aliyekuwa akimcheka miezi minne, akajikuta amemzuia.

"Acha hapo! Hujanijibu habari ya kifuniko."

Kumbe hakutaka kumwona akirudi kwenye shwa shwa yake peke yake. Akamsema kuhusu kifuniko, akamsema kuhusu kelele za alfajiri, akamsema kuhusu mtu mzima kushinda na chai na mkate siku tatu mfululizo. Alikuwa bado anasema alipochungulia boksini.

"Mzee. Hii mistari inatembea."

Adolf akainama. Kweli, ilikuwa ikijivuta taratibu, kama uzi unaokazwa, mpaka ikalala sambamba.

"Joto!" Akajipiga paji la uso, akacheka mpaka machozi. "Joto la mikono yenu ndilo lililokipinda! Miaka thelathini nawakataza wanafunzi kushikashika vioo, leo nimesahau. Sikuzoea wageni wengi hivi."

Yasmini akapiga vigelegele. Mikono ikanyooshwa tena kuelekea kioo.

"Asiguse mtu!" Verediana akasimama mbele ya boksi kama askari. "Kiacheni kipoe kabisa. Mwalimu, twende kwangu, samaki wa migebuka wako jikoni, ugali nasonga sasa hivi. Na wewe, mzee, usijifanye hujasikia. Nawa mikono, ingia."