Mbeba Barua wa Theluji

Kibanda cha video cha Saverio kilikuwa Kisugu, nyuma ya mashine ya kusaga mahindi. Kilikuwa na benchi kumi na mbili, televisheni moja iliyowekwa juu ya kabati, na kipaza sauti. Kipaza sauti ndicho kilichowaleta watu. Filamu zilitoka Ulaya, Marekani na Hong Kong, na watazamaji wengi hawakujua lugha zao. Kwa hiyo mtu mmoja, ambaye mji mzima ulimwita vijei, alikaa kando ya televisheni na kuieleza filamu ikiwa inaendelea. Alisema waliyosema wachezaji, akaongeza ambayo hawakusema. Picha ilikuwa ya Wazungu, lakini aliyeaminiwa alikuwa vijei.

Vijei wa Saverio aliitwa Erinayo, na alifanya kazi kwa Kiganda. Mwaka 1999 akaja Nangila kuomba siku moja ya Kiswahili.

Nangila alikuwa msichana wa miaka ishirini na mitatu, mzaliwa wa Bungoma, mwenye stashahada ya uandishi wa habari ambayo haikumpa habari yoyote ya kuandika. Alikuwa akiuza vitenge katika duka la mjomba wake Khaemba, kule Kansanga.

"Kiswahili?" Saverio alimuuliza. "Nyabo, watu ya hapa ikisikia Kiswahili inatafuta kitambulisho mfukoni."

"Ndiyo sababu nimekuja, mzee. Wamekisikia kwenye vizuizi vya barabarani tu. Hawajakisikia kikiimba."

"Nani atakuja?"

"Ng'ambo ya barabara kuna kambi. Watoto wa kule wanagombana kwa lugha gani?"

Saverio alifikiri. Kambini waliishi familia za askari kutoka pande zote za nchi, nyingi kutoka kaskazini, na watoto wao hawakufuata Kiganda cha Erinayo. Jumamosi alasiri hawakuja kabisa. Alimpa Nangila Jumamosi moja. Benchi zikitulia mpaka mwisho wa filamu, Jumamosi zote zingekuwa zake. Watu wakianza kutoka au kuzomea, siku hiyo ingerudi kwa Erinayo na filamu zake za mateke.

Kanda ilifika Alhamisi. Ilikuwa filamu ya katuni yenye nyimbo, ya kutazamwa na familia, iliyotolewa kwenye riwaya ya zamani. Nangila aliposoma jina kwenye jalada alicheka kwa furaha. Riwaya hiyo aliisoma mara tatu alipokuwa sekondari, na mara zote tatu alilia. Ilihusu mbeba barua aliyevuka milima ya theluji kila wiki, akafukiwa na theluji katika sura ya saba, na binti yake aliyewasha taa dirishani kila usiku kwa miaka mingi hadi akarukwa na akili na kuichoma nyumba.

"Njoo kesho uangalie," Saverio alimwambia. "Vijei anaangalia firimu mara mbili mbele ya kusema. Ni kawaida."

"Mimi nimesoma kitabu, mzee. Kurasa mia nne na kumi. Filamu ni saa moja na nusu tu."

Erinayo, aliyekuwa akifuta kichwa cha deki, ile mashine ya kuchezea kanda, kwa pamba na spiriti, hakuinua macho. "Mkenya, nikupe sheria moja ya kazi, nyingine utajifunza. Vijei hasemi 'nimekosea'. Ukikosea, picha ndiyo imekosea."

"Sitakosea."

"Basi hiyo ni sheria yako."

Jumamosi saa tisa benchi zilijaa. Wengi walikuwa wanawake wa kambini na watoto. Benchi ya mbele aliketi Abalo, mke wa sajini Okwera, mwanamke mwembamba kutoka upande wa Gulu, pamoja na binti yake Ayot, aliyekuwa na miaka tisa. Okwera alikuwa Kongo. Khaemba alifunga duka mapema akaja na Wakenya wenzake watatu, wakakaa nyuma wakila karanga. Saverio alisimama mlangoni. Erinayo aliketi kwenye kreti ya soda karibu na deki, kwa sababu mtu mwingine hakuruhusiwa kuigusa.

Nangila alianza vizuri. Theluji aliieleza kuwa ni kama ile barafu inayoganda ndani ya friji ya duka, ila imejaa nchi nzima na hakuna wa kuifuta. Dubu aliwaambia ni mnyama wa huko, mnene kama diwani, mwenye manyoya. Watu walicheka. Mbeba barua alipomuaga binti yake, Nangila alitumia Kiswahili ambacho wengi mle ndani hawakuwahi kukisikia kikielekezwa kwao, kisicho na amri wala matusi. Benchi zikatulia.

Kisha theluji ikaporomoka mlimani. Mfuko wa barua ukabaki juu, ngozi tupu kwenye weupe. Filamu haikusema zaidi ya hapo. Ilionyesha mfuko tu, na upepo. Lakini Nangila alikuwa na sura ya saba kichwani.

"Hapo ndipo alipokufa," alisema kwa sauti ya chini. "Mwili wake ulionekana majira ya mvua, mkono ukiwa bado umeshika barua moja. Na binti yake hakuambiwa. Atawasha taa kila usiku, lakini sisi tunajua. Hatarudi."

Watoto walianza kulia, mmoja, kisha wanne, kisha wengi. Wanawake wawili walijifuta macho kwa ncha za vitenge. Ayot alimgeukia mama yake akamuuliza jambo, na Abalo akamwambia asubiri. Saverio alimtazama Nangila kutoka mlangoni na kutikisa kichwa kukubali. Kwa Saverio, watu waliolia walikuwa watu watakaorudi.

Dakika kumi baadaye, kwenye televisheni, palitokea pango. Ndani ya pango kulikuwa na dubu saba waliovaa skafu, wakicheza duara. Katikati yao alikaa mbeba barua akinywa kitu cha moto kwenye bakuli. Alikuwa mzima kabisa, na alianza kuimba.

Nangila alikitazama kioo. Katika kitabu hapakuwa na dubu hata mmoja.

"Hii," alisema, "ni ndoto. Binti amelala, anaota baba yake."

Watu waliikubali ndoto. Walitazama dubu wakicheza bila kucheka sana, kama watu wanaotazama ndoto ya mfiwa. Wimbo wote ulipita bila kutafsiriwa, kwa sababu Nangila alikuwa akipiga hesabu: zilibaki dakika ngapi, na ndoto ingeisha lini.

Haikuisha. Mbeba barua alishuka mlimani juu ya mgongo wa dubu mkubwa. Aliwapita wachunga mbuzi, na wachunga mbuzi wakamwamkia. Alipita kanisani, kengele ikalia. Alikuta mwanamke akianika nguo, mwanamke akadondosha shuka.

"Ndoto ya binti gani hii," Khaemba aliuliza kutoka nyuma, "wanaiota mpaka mbuzi?"

Wakenya wenzake walicheka. Mtu mwingine alipiga mluzi. Mama mmoja katikati alimshika mtoto wake mkono, akainuka nusu, akitafuta viatu.

Erinayo alimwinamia Nangila. "Sema ni pacha," alinong'ona. "Pacha yake ametoka mjini. Haraka. Kama si pacha, mzimu. Lakini mzimu wa kuimba watoto hawataki, chukua pacha."

Ilikuwa njia nzuri. Erinayo alikuwa ameitumia mara nyingi, na hakuna aliyewahi kutoka kibandani kwake akilalamika. Nangila alisogeza kipaza sauti mdomoni, kisha akakishusha. Kwenye televisheni mlango ulifunguka, binti akaiacha taa, akakimbia. Aliruka shingoni mwa baba yake, na wote wawili wakaanza kuimba kwa Kiingereza mbele ya watu sitini ambao hawakuambiwa wanaimba nini. Kibandani hakuna kibaya kuliko vijei kunyamaza. Benchi zilianza kulia, watu wakisogeza miguu.

Saverio aliondoka mlangoni, akaanza kuja mbele.

Ndipo Abalo alipoongea. Hakupaza sauti, lakini alikuwa benchi ya mbele na alikuwa mke wa sajini, na wa kambini walinyamaza.

"Mwalimu," alisema, "mtu ile ilikufa, si ndiyo?"

"Nilisema hivyo, mama."

"Na sasa imeingia nyumba. Imeingia hivi hivi tu? Kwetu mtu ya namna hiyo haiingii nyumba. Tunaweka yai mlangoni, anakanyaga kwanza, linapasuka. Ndiyo anaingia."

"Hata kama hakufa kweli?"

"Hata kama alikaa mbali sana tu. Lakini kama watu ilishasema amekufa, hapo sasa lazima yai." Abalo alimvuta Ayot karibu. "Mimi, baba ya huyu, waliniambia amekufa mara mbili. Mara ya kwanza mtu alikuja na baiskeli, akasema, akakunywa chai, akaenda. Nikalia wiki mbili. Okwera akarudi na malaria na redio mpya. Mara ya pili tukalia siku tatu tu, tukangojea." Watu walicheka kidogo, kwa heshima. "Sasa yule mtu ya baiskeli alipomuona Okwera kwa duka, unajua alisema nini? Alisema, hii si Okwera, ni ndugu yake. Mpaka leo anasema ni ndugu. Hatusalimiani."

Erinayo aliitazama deki.

"Kwa hiyo wewe," Abalo aliendelea, "kama walikupatia habari mbaya, sema tu walikupatia habari mbaya. Hapa hakuna mtu haijui hiyo kitu."

Nangila alipeleka mkono wake mwenyewe kwenye deki, akabonyeza kitufe cha kusimamisha. Picha ikaganda, baba na binti midomo wazi. Hakuna aliyekuwa ameona vijei akisimamisha filamu katikati isipokuwa umeme unapokatika.

"Sikupewa na mtu," alisema kwenye kipaza sauti. "Nilisoma kitabu zamani, na katika kitabu huyu baba anakufa. Filamu hii sikuitazama kabla ya leo. Mzee Saverio aliniambia nije niitazame, nikafanya kiburi. Hakufa. Dubu walimtoa kwenye theluji, wakamtunza pangoni. Haikuwa ndoto. Wimbo wa dubu sikuwatafsiria kwa sababu nilikuwa naogopa. Nimewaliza bure."

Saverio alikuwa amefika mbele na amesimama, mkono mmoja juu ya kabati.

"Basi tuone huo wimbo," Khaemba alisema. "Sisi tumetazama dubu wanacheza kama tuko matanga."

"Warudishe," alisema mtoto mmoja.

"Watu ya saa kumi na moja iko inje," Saverio alisema. "Wanangojea mateke."

"Wangoje," Abalo alisema. "Mateke haiozi."

Saverio alimtazama Nangila, akatazama benchi. Yule mama wa katikati alikuwa ameketi tena, viatu mapajani. Saverio alimwonyesha Erinayo kidole, na Erinayo, kwa uso wa mtu anayeombwa kuzika mbwa, akarudisha kanda nyuma mpaka pangoni.

Safari hii Nangila aliimba. Sauti yake haikuwa nzuri, na alikuwa na muda wa kupumua tu kati ya mstari na mstari, lakini maneno yalikaa juu ya muziki:

Lala, mtu wa barua,
mlima hauna njama;
theluji ikipungua
tutakushusha salama.

Dubu walirudia ubeti huo mara tatu, na mara ya tatu watoto waliuimba pamoja nao. Mbeba barua alishuka mlimani, mwanamke akadondosha shuka, na safari hii kibanda kizima kikacheka. Alipofika mlangoni kwake, Nangila alisema, "Simama hapo, bwana. Yai liko wapi?" na mtoto mmoja nyuma akajibu, "Liko chini ya mguu, amekanyaga." Binti akakimbia. Wimbo wa mwisho Nangila alitafsiri kila neno.

Walipokuwa wakitoka, Ayot alibaki mbele ya kabati.

"Na kwa kitabu," aliuliza, "harudi kabisa?"

"Kwa kitabu harudi," Nangila alisema.

"Na mtoto?"

Nangila alimtazama Abalo, ambaye alikuwa akijifunga kitenge upya.

"Mtoto naye mwisho wake si mzuri," alisema.

"Haya, hiyo kitabu kaa nayo wewe," Abalo alisema bila ukali, akamshika Ayot bega, wakatoka juani.

Vijana wa mateke waliingia wakilalamika. Erinayo alisubiri hadi akabaki na Saverio na Nangila peke yao kando ya deki.

"Ameharibu kazi," alimwambia Saverio kwa Kiganda, kisha akarudia kwa Kiswahili ili Nangila asikie vizuri. "Kuanzia leo nikisema adui amekufa, wataniuliza nani ameona. Nitawajibu nini?"

"Utaangalia firimu mara tatu," Saverio alisema.

Alitoa kanda ya katuni, akairudisha kwenye jalada lake, akalipangusa vumbi kwa kiwiko. Alichukua muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Watu haikutoka," alisema hatimaye. "Mmoja alisimama, akakaa. Jumamosi nyingine uje. Lakini uje Alhamisi kwanza, na Ijumaa."

"Nitakuja, mzee."

"Kuna ingine ya katuni. Iko na bata na mfalme. Pia imetoka kwa kitabu ya zamani, nafikiri."

Nangila aliusoma mgongo wa jalada.

"Hiki sijakisoma," alisema.

"Asante Mungu," Saverio alisema, na akamkabidhi Erinayo kipaza sauti.