Sefu ya Sonara

Saa mbili na robo asubuhi wakili alikuwa kwenye benchi la korido ya mahakama, akisoma hati ya mashtaka huku akitafuna karanga. Lilikuwa jalada la nne kati ya tisa aliyopangiwa siku hiyo, yote ya watu wasio na uwezo wa kujitafutia wakili. Hati ilisema mshtakiwa, fundi makufuli, aliingia duka la sonara na kuiba mikufu kumi na minne na pete tisa za dhahabu kutoka kwenye sefu. Ilisema pia kwamba mlango haukukutwa na mkwaruzo wala sefu haikutobolewa, na kwamba mshtakiwa anajulikana mtaani kuwa ni mtu ambaye milango humfungukia.

Hilo la mwisho lilikuwa kweli. Tangu utotoni, kufuli lolote lililokuwa hatua tatu kutoka kwake liliachia lenyewe, na watu walimwita kazini bila kumuuliza vifaa. Kituoni polisi walilizoea mapema. Pingu zilikuwa zikimdondoka, kwa hiyo walimfunga kamba, na mlango wa chumba cha mahabusu nao wakaufunga kamba, maana mafundo hayakumjali. Siku kamba ilipokatika, fundi mwenyewe aliurudisha mlango akauegemea mpaka walipoleta nyingine. Alikuwa amekaa humo wiki sita kwa kukosa mdhamini.

Mkewe alikuja na shati lililopigwa pasi.

"Dada wakili, leo wanamwachia?"

"Leo nawabana. Hawakumkuta na mkufu hata mmoja."

"Mimi sina haja abanwe mtu," alisema mke. "Namtaka mume wangu. Hapo nje nimesikia wanataja taja kifungo cha miaka saba."

Wakili alikuwa na kawaida yake ya kazi: hakubali picha. Mwendesha mashtaka akileta picha ya baiskeli, yeye hudai baiskeli yenyewe. Kesi kadhaa alikuwa amezishinda hivyo, kwa sababu mali ya wizi haikai kituoni ikasubiri. Baiskeli huendeshwa na askari, na majiko hupikiwa chai. Safari hii alikuwa amedai sefu, kwa mazoea tu, bila kufikiri zaidi.

Askari alipomleta fundi koridoni, naye akasikia habari ya sefu, alikunja uso.

"Umeharibu, dada'angu. Itafunguka."

"Ifunguke. Si tupu?"

Fundi aliangalia kamba mikononi mwake. "Siku niliyokamatwa walinipitisha dukani. Nilisimama mbali nayo, lakini niliisikia. Sefu tupu hulegea upesi. Ile ilikuwa imejikaza. Ina vitu ndani."

Wakili aliacha kutafuna. Moyo ulimwenda mbio kwa furaha, na furaha hiyo ndiyo iliyomponza. Kama vito vimo ndani, hakuna kilichoibwa, na kama hakuna kilichoibwa, hakuna mwizi. Sheria hiyo hata mtoto angeielewa.

"Basi umepona," alisema. "Nitaomba usogee, ifunguke mbele ya hakimu."

"Sitaki kuigusa."

"Hutaigusa. Utasimama tu."

Fundi alitikisa kichwa, lakini wiki sita zilikuwa zimemchosha, na wakili alikuwa msomi. Akakubali roho mkononi.

Wanaume wanne waliiingiza sefu kwa mkokoteni na kuitua katikati ya chumba. Sonara alikula kiapo akaeleza kwamba tangu siku ya wizi haijafunguliwa tena, kwa kuwa ufunguo uliibwa pamoja na mali. Ukweli ni kwamba alikwisha kuifungua tena mara moja, kisha ufunguo akautupa mwenyewe, ili maneno yake yawe na uzito, na alikuwa akingoja kesi iishe atafute mtu wa kuikata.

Wakili aliomba mshtakiwa asogee. Jasho lilimtoka sonara shingoni.

"Mheshimiwa, asiletwe karibu huyo."

"Kwa nini?" aliuliza hakimu.

Sonara alijifuta shingo kwa leso. Mwendesha mashtaka alisema hana pingamizi, tena alisema haraka mno, na hapo ndipo wakili alipoanza kushuku. Alitaka kuliondoa ombi lake, lakini hakimu alikuwa amekwisha kulikubali. Fundi alipiga hatua ya kwanza, ya pili, akasita. Mkewe alikuwa ameshika benchi kwa mikono yote miwili. Kwenye hatua ya tatu sefu ililia kwa ndani na mlango ukaachia.

Karani alivitoa vito, akavihesabu akivilinganisha na hati, akavirudisha. Mikufu kumi na minne. Pete tisa. Chini kulikuwa na barua ya kampuni ya bima ikimpa sonara pole na kuthibitisha kwamba ameshalipwa fidia. Hakimu aliisoma, akasema bima si sehemu ya shauri hili.

"Mheshimiwa," alisema wakili, "hakuna kilichoibwa."

Mwendesha mashtaka alisimama taratibu. "Tulikuwa na pengo moja tu, jinsi sefu ilivyofunguka bila ufunguo. Utetezi umetuzibia. Tunamshukuru mwenzetu."

Hakimu alimuuliza sonara vito vimerudije ndani. Sonara, ambaye sasa rangi ilikuwa imemrudia, alisema pengine mwizi aliingiwa na huruma akavirudisha. Hakimu aliagiza sefu ifungwe, mshtakiwa arudi kizimbani, kisha akaandika kwa muda mrefu. Hukumu ilisema aliyeiba akarudisha bado ameiba, na kwamba mahakama imeshuhudia kwa macho yake namna alivyofanya. Miaka mitano. Vito akabidhiwe mwenyewe.

Wakili alisema atakata rufaa. Alilisema mara mbili, akimtazama mke wa fundi, na mke hakumtazama.

Sonara alitia saini kwenye daftari la vielelezo, akaiendea sefu, akavuta mlango. Ulikuwa umejifunga. Alijipapasa mifukoni kwa mazoea, kisha akamwendea karani, wakanong'ona, na karani akamwita askari aliyekuwa amemfikisha mfungwa mlangoni.

"Mrudishe kidogo. Amri inasema mali ikabidhiwe."

Askari alimrudisha fundi mpaka hatua ya tatu, kamba mikononi. Sefu ikaachia. Sonara alitandaza leso, akatoa mkufu mmoja mmoja bila pupa, akiangalia kama kuna uliokatika, na fundi akasimama pale akisubiri mpaka pete ya mwisho ikatoka.

"Ahsante, fundi," alisema sonara.

"Haya," fundi alijibu, kama anavyowajibu wateja wote, "karibu tena."