Mistari Kumi na Miwili ya Benadetha

...na bado inakataa, mara ya nne sasa, kioo cha kompyuta kinamwambia Protase faili halipo, halipo kweli, atalitoa wapi hapa Muleba, jana kule Bukoba programu hiihii ilikwenda bila kusita, yatima mia sita wakatoka na umri wao, huyu miaka saba, huyu kumi na mmoja, akainakili kwenye disketi, akapanda gari amejaa furaha, asikumbuke kwamba umri unahesabiwa na kile kijipande cha programu alichoandika Benadetha, mwenzake wa kazi, mistari kumi na miwili tu, kimebaki kulekule Bukoba ndani ya kompyuta ya Benadetha, iliyoungwa kwa waya na yake, kwenye meza ambayo hakuna aliyeikalia tangu Novemba... “Imekubali, waitu?” Mama Kokugonza huyo na waitu yake ya heshima ya Kihaya, karani wa ofisi hii, kichwa tu mlangoni, “Bado kidogo, mama,” na nyuma yake baraza limejaa, bibi na wajukuu waliotoka Kimwani alfajiri, shule zinafunguliwa Jumatatu na bila orodha yenye umri hakuna mtoto atakayepewa sare... bado kidogo, mwongo we, si uandike mwenyewe, twaa mwaka huu wa tisini na mbili, toa mwaka wa kuzaliwa, mwezi kama haujafika punguza mmoja, nusu saa, ungekwisha kumaliza, unalijua tangu asubuhi... “Mwezi umeusahau, Protase, umewazeesha watoto wa watu!” alivyocheka Benadetha siku ile, akavuta kiti akaanza kuandika, hiyo ni kabla ya kikohozi, kabla ya gauni la bluu kumpwaya, kabla kaka yake hajaja kumchukua kumrudisha nyumbani Kashozi, na Protase akamwambia nitakuja Jumapili, Jumapili tisa zimepita, kazi zimezidi, barabara imeharibika, mvua... mvua gani, anaogopa, anaogopa kumkuta amebaki macho tu, na vidole haviendi kwa sababu akishaandika mistari hii upya Benadetha hatakuwa na kazi tena hapa, atakuwa amemzika, na mtu yupo, anapumua, anakunywa uji... yupo! na wewe umekaa hapa unamwomboleza huku watoto wanakaa juani, angekufokea, angesema mimi nimekuwa kisingizio chako, Protase, ondoa jina langu, andika lako, watoto wavae... “Niwaambie warudi kesho?” kichwa kilekile mlangoni, na mtoto analia huko nje, “Wasiondoke, mama. Nusu saa,” na safari hii si uongo, ingawa kioo ni kilekile na vidole havijagusa kitu bado, nusu saa, halafu Jumamosi gari la Kashozi, bila disketi, bila swali la kazi la kujifichia, ataingia, atavuta kigoda mpaka kitandani, atasema nimechelewa, basi, nimechelewa Benadetha, na mgonjwa akilia alie, na asipotaka kumtazama yeye atakaa tu mpaka atake...