Finjani Iliyowekwa Chini

Ukitaka kumchokoza mume wangu Nadhir, mtajie konokono. Mimi nilimtajia makusudi, mbele ya Khulood, mtoto wa dada yangu, aliyekuja kwetu Ibra, Omani, na simu yake kutupangia safari ya Ufaransa.

"Burgundi wanawapika na siagi na thomu," Khulood akasoma.

"Mpe khala yako sahani mbili," Nadhir akasema.

Basi nikafurahi, maana wiki nzima alikuwa kaisusa safari hii, hata neno hatii.

Mwanetu wa pekee, Israa, ndiko aliko. Mumewe, Yunus, ni Mfaransa aliyesilimu alipokuwa akisomesha mjini Sur, na nikaha tuliifunga hapa hapa kwa halwa yetu. Wazazi wake wana shamba la mizabibu katika kijiji kimoja cha jimbo la Burgundi, na kazi yao ni mvinyo. Wametualika wakati wa mavuno. Israa ni mjamzito, na kila akipiga simu swali lake ni moja: baba atakuja? Namjibu atakuja, na mwenyewe sina hakika. Na mtu wa tikiti anataka jibu leo.

Njia nilishaipanga. Tuanze Alsas, kwenye vijiji vya mikate na asali, tuteremke taratibu katikati ya mashamba, kila mji tuonje jibini yake. Nyama hatuna haja nayo, samaki na mayai yanatosha. Mapipa tutayatazama, mvinyo tutawaachia wenyewe. Mwisho tulale kwa wakwe wa Israa.

"Kwenye jibini nakwenda," Nadhir akasema. "Kwa wakwe siingii."

"Mwanao yuko kwa wakwe, hayuko kwenye jibini."

Huyu mtu akinyamaza, bora uzungumze na ukuta.

Baada ya alasiri nikaleta tende na kahawa. Nikammiminia yeye, nikammiminia Khulood, nikajimiminia na mimi. Finjani yangu nikaiweka chini kwenye mkeka, nikaiacha. Kwetu sisi mgeni asiyekunywa ana haja, na mwenye nyumba lazima amuulize, na ni aibu kumnyima. Maisha yangu yote na Nadhir sijapata kumfanyia hivyo. Kahawa yenyewe naikaanga mimi.

Akaitazama ile finjani. "Leo umekuwa mgeni, Mama Israa?"

"Leo mgeni."

"Haja yako?"

"Twende kwa mwanetu."

Nilidhani atacheka. Hakucheka. "Wewe unadhani naogopa mvinyo," akasema. "Mimi naona haya. Mzee wa watu atanimiminia kitu cha mikono yake, kazi ya mwaka mzima, na mimi niiache bilauri yake mezani inanitazama. Nimekuja kwake na haja gani hata nisinywe?"

"Atajua ni dini."

"Atajua. Na mimi nitaona haya vile vile."

Hasira ikanitoka. Huyu ndiye Nadhir niliyeolewa naye, anayekula shibe juu ya shibe ili mwenyeji asivunjike moyo. Nikampenda, wallahi, kama siku ya kwanza.

"Kwani kwa watu wale huna haja, Baba Israa?" nikamuuliza.

Akawa anaigeuza sahani ya tende. Khulood akauliza polepole amwambie nini mtu wa tikiti.

Nadhir akaichukua finjani yangu, akaimwaga ile kahawa iliyopoa, akamimina ya moto, akanipa kwa mkono wa kulia.

"Mwambie akate," akasema. "Konokono wafute."

Kisha, bila ya kunitazama: "Akinimiminia, sitaigusa. Akiniuliza, Yunus afasiri. Haja yangu ni binti yangu. Siku mimi na mama yake tukipanda ndege kurudi, atabaki hana wa kwao. Wasimwache peke yake."

Nikainywa ile kahawa yote, na iliki ilizidi. Nikampigia Israa, nikamwekea babake simu sikioni.

"Baba anakuja," akasema, akanirudishia simu. Yaliyobaki nikayasema mimi.