Figo ya Festina

Saa nne na robo asubuhi, siku ya Jumatano, Leonidas Mkude amejilaza kwenye kiti kirefu cha hospitali, mkono wa kushoto ameunyoosha, mirija miwili inatoka mkononi kwenda kwenye mashine na kurudi, na damu yake inazunguka nje ya mwili ikisafishwa, kama ilivyosafishwa Jumatatu na itakavyosafishwa Ijumaa, maana figo zake zimeacha kazi na huu ni mwezi wa nane. Ana miaka hamsini na miwili. Ni mpima ardhi, amezika mawe ya mipaka kuanzia Mzumbe hadi Turiani, na kabla ya kuugua hakuna aliyewahi kumwona amekaa saa nne mfululizo bila kuinuka. Anafumba macho. Anajiambia anapumzisha kope tu. Anavuta pumzi akihesabu mpaka nne, anaishusha akihesabu mpaka sita, kama alivyofundishwa na Bi. Rehani wa hapa hospitalini, na kwenye pumzi ya saba, au labda ya nane, mlango wa wodi unafunguka wenyewe, na nyuma yake hakuna korido, ipo barabara ya udongo mwekundu, na yeye amekwishasimama katikati yake, hana mirija, hana kiti, amevaa buti zake za kazini na mkononi ana tepu ya kupimia.

Anatembea, na miguu haiumi, na hilo peke yake linamfurahisha kiasi kwamba haulizi yuko wapi. Kila anapofika mwisho wa barabara anakuta ni mwanzo wa nyingine, na hiyo nyingine inapinda, inapanda kilima, inashuka, inarudi pale pale alipoanzia ila sasa milima ya Uluguru iko kushoto badala ya kulia, kisha iko mbele, kisha iko chini ya miguu yake kama imechorwa kwenye karatasi. Anaivuta tepu apime alikotoka. Haina namba. Ni ukanda mweupe mtupu, anauvuta na unakuja tu. Kwenye njia panda amesimama mtu aliyevaa koti la mvua la kijani, na usoni mtu huyo hana kitu, pamesawazika kama sahani iliyooshwa, lakini Leonidas haogopi, anamsalimia kama anavyomsalimia mwenyekiti wa kijiji akifika kupima kiwanja, na anamuuliza, samahani ndugu, barabara hii inakwenda wapi? Yule asiye na uso anamjibu, inakwenda kule ulikokataa kwenda. Leonidas anasema, mimi sijakataa kwenda popote. Basi nambie, anasema yule, ni kitu gani ukikitaja kinapungua, na ukikinyamazia kinanenepa?

Swali lile linamkumbusha chumba kidogo cha Bi. Rehani Shomvi, mwanasaikolojia wa hospitali, chenye viti viwili na dirisha linalotazama kamba ya kuanikia mashuka. Alipelekwa kule mwezi wa tatu wa ugonjwa, baada ya kugoma kuja kusafishwa damu wiki nzima na kuletwa na majirani akiwa hajitambui. Siku ile aliingia, akasimama mlangoni, akasema, nikueleze mapema, mimi si mwendawazimu. Bi. Rehani akamjibu, hata mimi si mwendawazimu, Bwana Mkude, karibu tukae wazima wawili. Leonidas akacheka bila kutaka, akakaa. Bi. Rehani hakumpa dawa wala mahubiri. Alimuuliza kazi yake, akamsikiliza akieleza mambo ya mipaka na mawe yake ya bikoni mpaka akachoka kueleza, halafu akamwambia, basi hii hofu uliyonayo tuipime kama kiwanja. Iko wapi mwilini? Ina ukubwa gani? Imepakana na nini? Leonidas aliona ni mchezo wa kitoto. Lakini jioni ile, kwa mara ya kwanza tangu augue, alikula ugali wake akaumaliza, na Jumatatu iliyofuata alikwenda mwenyewe hospitalini kwa miguu yake.

Hofu, anamwambia yule asiye na uso, kitu hicho ni hofu. Yule anageuka na koti lake la kijani, na Leonidas anamfuata, na barabara inaingia mjini. Mji wenyewe ni wa vioo. Nyumba za upande huu zinazitazama nyumba za upande ule, na kila moja imeibeba sura ya mwenzake kifuani, kwa hiyo mtaa hauishi, unazidi kuingia ndani na ndani, na katika kila dirisha yuko Leonidas Mkude. Yuko mmoja aliyevimba uso kama alivyokuwa miezi ile ya kwanza. Yuko mwingine mzima, anachungulia kwenye darubini ya kupimia na kupiga mluzi. Yuko anayegomba na simu, amekunja ndita, na huyo anampita haraka kwa sababu anamjua, ndiye yeye wa wiki sita zilizopita, siku daktari aliposema anaweza kuwekewa figo ya ndugu yake, na Festina, mdogo wake, mwalimu wa shule ya msingi Kilosa, akapiga simu hata kabla jua halijazama, akasema, kaka, yangu ipo, waje waichukue. Na Leonidas akamfokea. Akamwambia asilitaje neno hilo tena maishani. Akakata simu, na tangu siku ile wameishia kupelekeana salamu tu.

Dirisha la mwisho halina Leonidas. Lina kitanda, na kitandani yupo Festina, amefunikwa shuka jeupe mpaka kidevuni, na hatikisiki. Leonidas anarudi nyuma. Anakimbia, anakata kulia, anakata kushoto, anapita vichochoro asivyovijua, na mtaa unajikunja taratibu na kumrudisha mbele ya dirisha lile lile, mara ya pili, mara ya tatu. Nitoe hapa, anamwambia yule mtu wa koti la kijani. Yule anasema, mlango wa kutokea ni mdogo kuliko wewe lakini si mdogo kuliko maneno yako. Leonidas anapiga magoti kwenye vumbi. Anavuta pumzi hesabu ya nne, anaishusha hesabu ya sita. Na kwa kuwa tepu yake haina namba, anaanza kupima kwa maneno, kwa sauti, kama anavyomsomea karani wake vipimo wakiwa porini. Iko kifuani, anasema, upande wa kushoto. Ukubwa wake kama chumba cha kulala. Kusini imepakana na ugonjwa wangu, mashariki imepakana na kile kisu cha daktari. Kaskazini, anasema, na upande wa kaskazini hajawahi kuupima, hata mbele ya Bi. Rehani. Kaskazini imepakana na mama. Leonidas alikuwa na miaka kumi na tisa mama yao alipofariki, na Festina alikuwa na miaka kumi na mmoja, na neno la mwisho la mama lilikuwa, Leonidas, huyu namwacha mikononi mwako. Akamlea. Akamsomesha. Alimsindikiza hadi chuo cha ualimu akiwa amembebea sanduku kichwani, mtu mzima mwenye kazi yake, na hakuona aibu. Naogopa, anasema Leonidas, na sauti inamtoka kama ya mtu mwingine, naogopa watampasua mdogo wangu kwa ajili yangu, naye atakufa, na mimi nitapona.

Hakuna radi inayopiga. Kioo kinapata ukungu kidogo, basi, kama kioo kilichopumuliwa, na ukungu unapotoka Festina ameketi kitandani, lakini ni Festina wa miaka kumi na mmoja, ana sare ya shule na soksi moja imeshuka. Kaka, anasema, uliniuliza? Leonidas anamwambia, nilikuwa nakulinda. Najua, anasema mtoto, uliniuliza? Mama alikuacha kwangu, Festi. Najua, nilikuwepo, nilikuwa nimesimama mlangoni, uliniuliza? Na Leonidas anapotaka kujibu kwa mara ya tatu anakuta amebaki na jibu moja tu, nalo ni jepesi kuliko alivyodhani. Sikukuuliza, anasema. Swali hilo hilo Bi. Rehani alimpa wiki tatu zilizopita, kwamba je, umemuuliza Festina yeye anaogopa nini? Naye akamjibu, najua anachoogopa. Bi. Rehani akasema, sikukuuliza kama unajua. Halafu akasema jambo jingine, ambalo Leonidas alilisikia wakati ule lakini halikumwingia mpaka leo akiwa amepiga magoti katika mji wa vioo, akasema, kukubali au kukataa ni kwako na ni kwa Festina, mimi siko hapa kukusukuma upande wowote, nataka tu mkiamua muwe mmeamua wawili.

Yule asiye na uso anainama karibu naye. Watu wawili wanavuka mto wameshikana mikono, anasema, nani anamvusha mwenzake? Leonidas anafikiri. Anafikiri kama mtu aliyevuka mito mingi akiwa na vyombo vya kazi begani. Inategemea, anajibu, ni nani anayeteleza kwa wakati huo. Na yule mtu, ambaye hana mdomo, anacheka, kicheko kizuri cha mtu mzima, na kicheko kinageuka mlio mfupi mfupi, tii, tii, tii, na mlio ni wa mashine.

Muuguzi anaizima. Umekoroma leo, Bwana Mkude, anamwambia, anachomoa sindano na kumbana pamba mkononi. Na kwenye stuli, kando ya kiti, amekaa Festina mwenyewe wa miaka arobaini na minne, madaftari ya wanafunzi mapajani, kalamu nyekundu mkononi, anasahihisha. Leonidas anamgeukia. Umefika saa ngapi? Tangu saa tano, anasema Festina bila kuinua macho, nimeomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, na kama utanifokea nifokee polepole, kuna wagonjwa. Leonidas anasema, Festi, unaogopa nini? Kalamu inasimama. Festina anafunga daftari, analifungua, analifunga tena. Naogopa sindano, anasema, na wote wawili wanacheka mpaka muuguzi anageuka. Kisha Festina hacheki tena. Naogopa kile kitanda cha upasuaji, kaka, sikufichi. Na naogopa wasije wakaniambia figo yangu haikufai, nikabaki sina cha kukupa. Lakini zaidi ya yote naogopa usije ukafa ukiwa umeninunia. Nimeyasema haya yote kwa Bi. Rehani. Leonidas anashangaa, kwa Bi. Rehani huyu huyu? Huyu huyu, anasema Festina, nimekaa kwenye kile kiti chake mara nne. Mbona hakuniambia! Festina anamwambia, ya kwako ni yako na ya kwangu ni yangu, ndivyo anavyosema.

Basi Leonidas anamweleza ya kaskazini. Anayaeleza kwa shida, akitazama dari, na Festina anamshika ule mkono usio na pamba na hamkatishi. Mwishowe anasema, mama alikuachia mimi, ni kweli, ila mimi nilikuwepo pale mlangoni, na hakuna aliyeniambia niache kukutazama na wewe. Wanakubaliana jambo moja dogo, kwamba kwenye vipimo wataenda pamoja Jumanne, na daktari akisema ndiyo wataamua, akisema hapana watalia kidogo na Leonidas ataendelea na mashine yake. Bi. Rehani anapita na mafaili kifuani, anawaona wameshikana mikono, anauliza tu, Ijumaa niweke viti vitatu? Vitatu, anasema Leonidas.

Wanatoka nje. Jua la mchana ni kali na barabara mbele ya geti ni nyekundu na ndefu, inapinda kule mwisho kwa namna ambayo Leonidas hakumbuki kama ilikuwa inapinda hivyo asubuhi, na milima iko upande ambao hana hakika nao, na moyo wake ni mwepesi mno kwa mtu anayejua alichonacho mwilini. Anasimama. Festi, anauliza, hivi hapa nimeamka, au bado? Festina anaitazama barabara, anamtazama kaka yake, anahamishia madaftari kwapa la pili. Sijui, kaka, anasema, lakini mimi nina njaa. Na anamshika kiwiko, na wanaanza kutembea.